Miguu ya gari: shokomzoba, bushi na boljointi kwa tunaopanda na kushuka Nkoaranga

Siasa ipumzike leo, tuongee kitu kinachotugusa wote tunaopanda na kushuka Nkoaranga: miguu ya gari. Nasema miguu kwa sababu ndivyo wengi tunavyoita gereji. Ukisikia fundi anasema "gari haina miguu" hamaanishi matairi. Anamaanisha springi, shokomzoba, bushi, boljointi, wishiboni na vikorokoro vyote vinavyoshika tairi na bodi.

Najua wengi mnaosoma hapa hamna gari. Haidhuru. Jumatano na Jumamosi unapanda Noah kwenda sokoni Tengeru, mama yako anapandishwa Noah kwenda Hospitali ya Nkoaranga, na kuna machalii kibao hapa wameanza ukonda au wanajifunza ufundi. Hii inawahusu nyie kuliko hata tajiri mwenye gari, maana yeye mara nyingi yuko mjini anasubiri hesabu. Kwenye siti mmekaa nyie.

Mimi nilianza ukonda, nikawa dereva, na siku hizi nashinda gereji zaidi kuliko barabarani. Ninayoandika hapa nimeyashika kwa mkono.

Kwanza elewa kwa nini huku kwetu ni tofauti. Kutoka mjini Arusha hadi Tengeru leo ni raha. Kile kipande cha Sakina hadi Tengeru, km 14.1, kilipanuliwa kikawa njia nne kwenye mradi wa barabara ya Arusha hadi Holili. Gari mbovu inapita pale kimya kabisa, hata dereva anajisahau. Sasa iache barabara kuu ya Moshi uanze kupandisha mlima. Njia nyingi za ndani huku Meru ni udongo na mawe. Kiangazi vumbi jembamba linaingia kila mahali, masika utelezi na mifereji iliyochimbwa na maji katikati ya njia. Na vumbi lenyewe ni la mlima wa volkano (Meru ilitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, wazee wa wazee wetu waliona). Likiingia kwenye kiungo cha chuma chenye grisi, ile grisi inageuka kuwa msasa.

Halafu kuna mzigo. Noah zile za zamani, zile SR40, Wajapani wengi waliziandikia watu 8. Sisi tunaingia 12, 13, konda anasema bado mmoja. Piga hesabu mwenyewe, mtu mmoja kilo 65: watu 8 ni kilo 520, watu 14 ni kilo 910. Kilo 390 zimezidi, na hujaweka mikungu ya ndizi juu. Ukishuka mlima huku umekanyaga breki, sehemu kubwa ya uzito wote huo inalalia tairi mbili za mbele. Hapo ndipo boljointi zilipo.

Miaka ya nyuma niliona Noah moja inashuka, imebeba watu waliotoka kumwona mgonjwa. Haikuwa mbio. Ilikanyaga mfereji, ukasikika mlio mmoja tu "kaa!", tairi la mbele kushoto likalala chini kama mguu uliovunjika, gari ikageuka yenyewe ikaingia kwenye migomba. Mungu saidia hakufa mtu, mama mmoja aliumia mkono. Watu wote pale walisema breki zimefeli. Breki zilikuwa nzima. Ilikuwa boljointi imechomoka kwenye kikombe chake. Na kilichoniuma zaidi, gari ile ilikuwa na shokomzoba mpya nne zinang'aa. Tajiri alilalamikiwa kwamba gari inagonga, akanunua shokomzoba, ikaendelea kugonga, akachoka akasema basi.

Ndiyo sababu ya kuandika hii. Shokomzoba inalaumiwa kwa kila mlio na inakula hela zote, wakati kitu kinachoua ni kadude kadogo kuliko ngumi yako.

NANI ANAFANYA KAZI GANI

Springi inabeba uzito. Shokomzoba haibebi uzito, hapo wengi wanachanganya. Kazi ya shokomzoba ni kuzuia springi isidundedunde: ndani kuna pistoni inayosukuma oili kupitia vitundu vidogo, na ile shida ya oili kupita ndiyo inayotuliza gari. Kwa hiyo gari ikikaa chini upande mmoja, usinunue shokomzoba, angalia springi. Gari ikidunda kama mpira baada ya kila shimo, au ikiinamisha pua sana ukifunga breki, hapo sawa, shokomzoba imechoka.

Shokomzoba mbovu si suala la raha tu. Tairi likiwa linadunda, kuna sehemu za sekunde halishiki barabara, na tairi lisiloshika barabara halifungi breki wala halikati kona. Utaliona kwenye tairi lenyewe: pitisha kiganja juu ya gamba, ukihisi mabonde na vilima vinavyopishana kuzunguka tairi, hiyo mara nyingi ni shokomzoba. Tairi likiliwa upande wa ndani tu au wa nje tu, hiyo ni alaimenti, au bushi zimekufa na alaimenti haikai hata uipime mara kumi.

Bushi ni ile mpira iliyobanwa katikati ya vyuma, kwenye wishiboni na sehemu nyingine. Inaruhusu chuma kucheza bila kugongana na chuma kingine. Ikichanika utasikia "dug dug" ukipita shimo dogo kwa mwendo mdogo, na ukifunga breki gari inavuta upande.

Linki za stebilaiza ni vile vijiti vyembamba vinavyoshika ule mchuma unaozuia gari kulala kwenye kona. Zinapiga kelele nyingi kuliko hatari yake. Zikiisha zinasema "kacha kacha kacha" kwenye kokoto mpaka abiria wanashika viti. Zibadilishe, lakini usikose usingizi.

Boljointi na tairodi ni ndugu. Kila moja ni mpira wa chuma ndani ya kikombe, na grisi, na kofia ya mpira kuzuia uchafu. Tairodi inaunganisha usukani na tairi. Boljointi inashika tairi lenyewe lisianguke. Hivi viwili havisubiri mwisho wa mwezi.

KUPIMA MWENYEWE, BILA MASHINE

Wengi wanajua kipimo kimoja tu: bonyeza boneti kwa nguvu, achia, hesabu gari inadunda mara ngapi. Ikipanda na kutulia, nzima, ikiendelea, mbovu. Kwa gari ndogo kama IST au Corolla kinasaidia kidogo. Kwa gari yenye springi ngumu, Land Cruiser ya mizigo kwa mfano, hutaona kitu. Na hata kwenye gari ndogo kinakamata shokomzoba iliyokwisha kufa tu, ile inayokufa polepole inafaulu mtihani. Bora uchungulie: mwili wa shokomzoba ukiwa umelowa oili na vumbi limeganda juu yake kama uji, sili imekufa. Ukungu mwembamba tu wa oili si kesi.

Sasa boljointi. Tafuta sehemu tambarare, na najua Nkoaranga sehemu tambarare ni kama kutafuta bahari, lakini ipo, hata uwanja wa kanisa au wa shule ukiomba. Weka gia, vuta hendibreki, zuia matairi ya nyuma kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Piga jeki. Kisha weka gogo nene au stendi chini ya chesesi kabla hujaingiza hata kichwa. Matofali hapana, tofali linapasuka bila kukuaga. Jeki peke yake ndiyo kabisa usithubutu.

Tairi likiwa hewani, shika juu na chini, yaani saa 12 na saa 6, halafu sukuma na kuvuta kwa zamu. (Uzuri ni kwamba ukihesabu saa ya Kiswahili au ya Kizungu, jibu ni lile lile.) Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi ya tairi. Mchezo ukibaki, ni boljointi au bushi za wishiboni. Kisha shika kushoto na kulia, saa 3 na saa 9. Likicheza hapo ni tairodi, au kiungo cha ndani cha usukani.

Kuna ujanja mmoja. Kwenye gari ambayo springi inakalia wishiboni, ukiacha mguu unaning'inia springi inaibana boljointi na mchezo unajificha, unaweza kusema nzima kumbe imekwisha. Hapo jeki iwekwe chini ya wishiboni ile inayobeba springi, karibu na tairi. Kwenye Noah, IST, Corolla na wenzao, ambapo shokomzoba ya mbele imesimama katikati ya springi, unapiga jeki kwenye bodi, unaacha mguu uning'inie, unachomeka mtaimbo mwembamba kati ya wishiboni na kitovu cha tairi na kuinua taratibu. Ukiona mpira wa boljointi unapanda na kushuka ndani ya kikombe, gari haiondoki hapo. Si kesho, si baada ya tripu moja.

Hata kama haichezi, angalia ile kofia ya mpira. Ikiwa imechanika, grisi imetoka na vumbi la Meru limeingia, hesabu siku. Hapa ndipo pa kuokoa hela: kofia iliyochanika leo ni kitu kidogo, ikiwahiwa kabla uchafu haujaingia unaisafisha, unatia grisi, unavalisha kofia nyingine. Ukichelewa wiki chache unanunua boljointi nzima. Kwenye gari nyingine boljointi imeshikana na wishiboni, unanunua chuma chote.

Osha uvungu. Watu wanaosha bodi mpaka inang'aa, chini tope la masika lililopita limekauka na kuficha kila kitu. Huwezi kuona mpasuko ambao umefunikwa na tope.

MAMBO YANAYOHARIBIKA GEREJI

Hapa mafundi wenzangu mtanisamehe. Bushi mpya nyingi zinakufa mapema kwa sababu ya jinsi zilivyofungwa. Fundi anaweka wishiboni gari ikiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, anakaza bolti mpaka mwisho, anashusha gari. Ile mpira imeshikwa ikiwa mguu uko chini. Gari ikikaa kwenye matairi mguu unapanda, mpira unabaki umejinyonga saa zote, hata gari ikiwa imelala. Baada ya miezi michache umechanika na fundi anasema spea ni feki. Njia sahihi: bolti zishikwe kidogo tu, gari ishushwe ikalie matairi yake kwenye usawa, itikiswe, ndipo zikazwe. Ukiwa dereva simama pale uangalie. Hii haigharimu hata senti.

Shokomzoba zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Moja mpya na moja chakavu, gari itakuwa na tabia moja kulia na nyingine kushoto, hasa ukifunga breki kwenye utelezi. Na usimruhusu mtu akamate ile fimbo inayong'aa kwa plaizi. Akiikwaruza kidogo tu, mkwaruzo utakuwa unakata sili kila inapopanda na kushuka. Kabla ya kufunga, shokomzoba mpya ya oili isimamishwe wima na ipampiwe mara kadhaa mpaka iache kurukaruka mkononi, hewa itoke kwenye oili.

Kutenganisha springi na shokomzoba ya mbele ni kazi ya mtu mwenye vibano vyake maalumu. Springi iliyobanwa imebeba nguvu ya kuvunja taya. Nimeona vijana wanaifunga kwa waya na mnyororo. Jamani, hapana.

Halafu hii fasheni ya kuinua Noah. Njia ina mawe, gari inakwaruza chini, mtu anachomeka vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi. Gari inapanda kweli. Lakini mizunguko iliyojazwa mpira imeacha kufanya kazi, iliyobaki inafanya kazi ya wote, na siku moja inakatika. Wengine wanachoma springi kwa gesi au kuikata ili ishuke, hao ndio kabisa, moto unaharibu ugumu wa chuma. Kama mzigo umezidi, zipo springi nzito za kununua, na ipo njia ya bure ambayo ni konda kuacha kusema bado mmoja.

Bushi za kuchonga kwenye tairi kuukuu? Kwenye springi za vyuma bapa za Land Rover 109 zimebeba watu wengi sana huku milimani, siwezi kuzitukana. Kwenye wishiboni ya Noah sikushauri. Pale panahitaji mpira ulioshikana na bomba la chuma, si kipande kinachozunguka ndani ya tundu.

Kwa wenye Land Rover na Land Cruiser za vyuma bapa: grisi kwenye niple zake kila mara, hasa baada ya kuvuka maji, tafuta jani lililopasuka, na ukibadilisha springi rudi ukakaze zile yubolti baada ya km mia chache, maana zinalegea majani yakishakaa. Arusha ni mji wa gari hizi, Oktoba 2024 zilijazana Kisongo kwenye tamasha la Land Rover, na mafundi wa gari za watalii ni walimu wazuri wa miguu ya gari. Zile njia za mawimbi mawimbi kama bati za kwenda Serengeti zinachemsha oili ya shokomzoba mpaka inatoa povu na kuacha kufanya kazi, ndiyo maana madereva wenye akili wanapumzisha gari.

Na kama unadhani gari iliyotumika haiwezi kushindana, kumbuka Safari Rally. Ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya aliishinda na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na wengine. Jamaa alikuwa fundi makenika. Alijua alichokalia.

KUNUNUA

Boljointi na tairodi nunua mpya, toa ya mtumba kichwani kabisa. Huwezi kujua ile ya mtumba ilishagongwa wapi. Shika mpya mkononi uzungushe mpira wake: uwe mzito na laini, usiwe unalegea kama jino la mtoto. Nati ile ya kujifunga na pini yake viwe vipya pia. Shokomzoba za mtumba kutoka Japani zipo nyingi, kuanzia Gerezani Dar mpaka huku, na baadhi ni nzuri, ila zibonyeze kwanza: ishuke kwa ushupavu mmoja mwanzo mwisho. Ikiwa nyepesi katikati, iache. Watengenezaji wengi wanataja km 80,000 kuwa wakati wa kufikiria kubadili, lakini hesabu hiyo ni ya lami. Kwetu angalia kila ukimwaga oili ya injini. Ukigusa tairodi, boljointi au shokomzoba ya mbele, nenda alaimenti siku hiyo hiyo, kabla hujala tairi mbili mpya.

Upepo wa tairi nao: ukijaza kupita kiasi ili "gari iwe nyepesi", kila jiwe linapigwa moja kwa moja kwenye boljointi. Fuata kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Na wewe abiria usiye na spana. Ukikaa siti ya mbele, ukasikia "kong" moja nzito dereva anapokata kona kwa mwendo mdogo au anapokanyaga breki, na usukani unatangatanga kwenye njia iliyonyooka, muulize kwa heshima: "Dereva, boljointi umecheki lini?" Atacheka au atakasirika. Akikasirika, shuka kabla mteremko haujaanza, kuna Noah nyingine nyuma.

Swali langu kwa wenye SR40 wa njia za huku: kwangu boljointi ya kushoto inaisha kabla ya kulia karibu kila mara, nadhani kwa sababu tunaendesha kushoto na ukingo wa njia ndio wenye mashimo. Na nyie ni hivyo hivyo? Wa Poli, Akheri na Songoro mtupe uzoefu hapo chini. Na fundi mwenye njia bora ya kupima kuliko mtaimbo wangu, aimwage.